Wafuga samaki wa mapambo wasikimbilie kubadili dawa

BIASHARA ya samaki wa mapambo si ngeni tena katika miji ya Afrika Mashariki. Matangi ya vioo yanaonekana katika mapokezi ya hoteli, katika saluni, katika zahanati za watu binafsi na katika sebule za nyumba za kawaida. Nyuma ya kila tangi kuna mtu aliyeuza samaki, mwingine aliyeunganisha vioo, na mwingine anayepita kila wiki kusafisha na kubadilisha maji. Wapo pia wanaozalisha vifaranga wa goldfish, guppy na koi uani kwao na kuwauza kwa rejareja. Kwa wengi wa hawa, mtaji wote uko ndani ya maji, na ugonjwa ukiingia mtaji huo unaweza kuondoka katika muda wa wiki moja.

Jambo la kusikitisha ni kwamba mara nyingi kinachommaliza samaki si ugonjwa wenyewe bali ni mkono wa mwenye mali. Mtiririko wake unajulikana. Jumatatu mfanyabiashara anaona vidoadoa vyeupe, mfano wa punje za chumvi, kwenye mapezi ya samaki wake. Anakwenda dukani na kupewa chupa ya dawa ya rangi ya buluu. Jumatano vidoadoa bado vipo, tena vimeongezeka. Anarudi, anaambiwa ile haifai, anapewa ya pili. Ijumaa samaki watatu wanaelea, na jirani anamshauri afungue vidonge vya kapsuli vya binadamu na kumwaga unga wake ndani ya tangi. Jumapili tangi ni tupu, na mwenye mali anabaki akilalamika kwamba dawa za siku hizi ni feki.

Huenda dawa ya kwanza ilikuwa sahihi kabisa, ila haikupewa siku za kufanya kazi.

Ugonjwa huo wa vidoadoa vyeupe ni mfano mzuri wa kuanzia, kwa kuwa ndio unaowasumbua wengi. Husababishwa na kimelea kidogo sana kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis. Kimelea hicho hujichimbia chini ya ngozi ya samaki na kula humo, na kile kidoa cheupe kinachoonekana ndiyo nyumba yake. Akiwa humo ndani dawa haimgusi. Akishashiba hudondoka, hujishikiza chini ya tangi kwenye changarawe au kwenye mawe, na hapo hujigawa na kutoa watoto kwa mamia. Watoto hao huogelea kumtafuta samaki, na wasipompata katika siku moja au mbili hufa. Ni katika kipindi hicho kifupi cha kuogelea tu ndipo dawa huweza kuwaua.

Maana yake ni kwamba vidoadoa vinavyoonekana siku ya pili au ya tatu ya matibabu haviwezi kuwa ushahidi kwamba dawa imeshindwa. Hao waliomo ndani ya ngozi waliingia kabla ya dawa kutiwa. Katika maji ya joto la nyuzi 25 hivi, kama yalivyo matangi mengi ya Dar es Salaam au Mombasa, mzunguko mzima huchukua kama siku tatu hadi sita. Katika baridi ya Iringa au ya Limuru mwezi Julai, ambapo maji yanaweza kushuka hadi nyuzi 15, mzunguko huohuo huchukua kama wiki mbili. Mfugaji wa Dar es Salaam na mfugaji wa Iringa wanaweza kununua chupa moja ya dawa siku moja, na ikawa ni haki ya mmoja kuhesabu siku sita na ya mwingine kuhesabu wiki mbili na zaidi kabla ya kusema lolote. Wote wawili hawana budi kuendelea na dawa kwa siku kadhaa baada ya kidoa cha mwisho kutoweka, maana kutoweka kwa kidoa ni dalili tu kwamba kimelea amedondoka, si kwamba amekufa.

Kabla ya swali la kubadili dawa, lakini, lipo swali la maji, na hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Samaki anayehema juu ya maji, aliyekunja mapezi, aliyepoteza rangi na kukataa chakula, anaweza asiwe na ugonjwa wowote wa kuambukiza. Anaweza kuwa anaunguzwa na amonia inayotokana na kinyesi chake mwenyewe na mabaki ya chakula. Hakuna dawa ya chupa inayotibu amonia. Inatibiwa kwa ndoo, yaani kwa kutoa robo hadi nusu ya maji na kuweka mengine safi yaliyoondolewa klorini.

Ubaya zaidi ni kwamba dawa nyingine ndizo zinazoleta amonia hiyo. Ndani ya chujio wanaishi bakteria wenye faida, ambao kazi yao ni kugeuza amonia kuwa nitraiti na kisha kuwa naitreti isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujijenga katika tangi jipya. Methilini bluu na baadhi ya viuavijasumu huwaua au kuwadhoofisha. Mfugaji anatia dawa Jumatatu, chujio linakufa Jumanne, amonia inapanda Jumatano, samaki wanaanza kuhema Alhamisi. Yeye anaona ugonjwa umezidi, kumbe maji ndiyo yaliyoharibika. Akibadili dawa na kutia nyingine yenye kuua bakteria anaongeza sumu juu ya sumu. Kipimo cha amonia cha matone, ambacho ni kichupa kidogo na kadi ya rangi, kingemwonyesha hilo kwa dakika chache. Inashangaza kwamba yapo maduka yenye aina kumi za dawa za samaki yasiyo na kipimo hata kimoja.

Jambo hili ni zito zaidi kwa wale wanaofuga samaki wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, wale wenye rangi za kupendeza wanaovuliwa Kigoma na pwani za Nyasa na kupelekwa hadi Ulaya. Maji ya Tanganyika yana pH inayokaribia 9, na wanaowafuga hulazimika kuyaiga. Sasa katika maji ya pH 7 yenye joto la nyuzi 25, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki hata asilimia moja. Katika pH 9 ni zaidi ya theluthi moja. Kiasi kilekile ambacho samaki wa maji laini angekivumilia huweza kumuua samaki wa Tanganyika usiku mmoja. Tena maji hayo yana magnesiamu nyingi, na magnesiamu pamoja na kalsiamu huishika oksitetrasaiklini na kuizuia isifanye kazi. Mfugaji anayemwaga unga wa oksitetrasaiklini katika tangi la samaki wa Tanganyika na kuona hakuna mabadiliko asishangae. Dawa imekamatwa na maji kabla haijamfikia samaki, na mwanga wa jua nao huiharibu. Akitaka kuitumia, njia ya kuichanganya kwenye chakula ina nafuu kubwa, ilimradi samaki bado anakula.

Hilo linaleta jambo la kuhakikisha kama dawa ilifika. Kabla ya kuihukumu dawa ni lazima mtu ajue alitia kiasi gani katika lita ngapi. Wengi hukadiria kwa macho. Hesabu yenyewe si ngumu: urefu mara upana mara kimo cha maji kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000. Tangi la sentimita 90 kwa 40, lenye maji ya kimo cha sentimita 40, lina lita 144, na ukiondoa changarawe na mawe zinaweza kubaki 125 au pungufu. Aliyeambiwa na muuzaji kwamba tangi hilo ni la lita 200 na akapima dawa kwa lita 200, amezidisha dozi kwa zaidi ya nusu. Mwingine mwenye bwawa la saruji hupunguza dozi kwa kuogopa gharama, na dozi pungufu haimwui kimelea bali humzoesha. Aidha, mkaa maalumu unaowekwa ndani ya machujio hunyonya dawa. Mtu anaweza kutibu wiki nzima huku chujio lake likiitoa dawa yote nje ya maji usiku uleule ilipotiwa. Mkaa huo unatolewa kwanza, sponji inabaki.

Baada ya hayo yote ndipo swali la kubadili dawa linapokuwa na maana. Na si kweli kwamba subira ndiyo jibu kila wakati. Upo ugonjwa ambao anayesubiri hupoteza kila kitu.

Mfano ni ugonjwa wa utando mweupe unaofanana na pamba kwenye mdomo, mgongoni au kwenye matamvua. Wengi huuona na kusema ni ukungu, wakatia dawa ya ukungu. Ukungu wa kweli upo, na kwa kawaida huota juu ya jeraha la zamani au mayai yaliyokufa, ukiwa na nyuzi ndefu zinazopeperuka majini. Lakini utando mfupi, wenye rangi ya kijivu au njano kidogo, unaozunguka mdomo au kukaa mgongoni mfano wa tandiko, mara nyingi ni kazi ya bakteria aitwaye Flavobacterium columnare. Katika maji ya joto bakteria huyu huweza kuua ndani ya siku moja au mbili. Mbaya zaidi, hushamiri joto linapopanda, wakati ambapo kupandisha joto ni ushauri unaotolewa kila mahali kwa ajili ya vidoadoa vyeupe. Anayechanganya magonjwa haya mawili akapandisha joto anamsaidia adui. Hapa mfugaji akiona dawa ya ukungu haijazuia utando kuenea kwa saa 24, asingoje chupa iishe. Amekosea ugonjwa, na abadili.

Kwa hiyo kinachoamua si idadi moja ya siku inayofaa kwa kila kitu. Dawa ya minyoo ya matamvua, kwa mfano prazikwanteli, ambayo ndiyo hiyohiyo watu wanayomeza kwa ajili ya kichocho, huua minyoo waliopo lakini huyaacha mayai ya baadhi yao. Samaki anapata nafuu, halafu baada ya kama wiki moja anaanza tena kujisugua kwenye mawe. Mfugaji asiyejua anasema dawa imeshindwa na kununua nyingine, wakati alichotakiwa ni kurudia ileile ili kuwakamata walioanguliwa. Kwa upande wa vidonda vya bakteria, dozi ya kawaida huenda siku tano hadi kumi, na dalili ya kutazama katika siku tatu za mwanzo si kupona kwa kidonda. Kidonda cha samaki huchukua wiki kadhaa kufunga, na pezi lililoliwa huota polepole. Cha kutazama ni kama kidonda kimeacha kupanuka, kama hakuna samaki mwingine mpya aliyeugua, kama idadi ya wanaokufa kwa siku inashuka, na kama waliokataa chakula wameanza kukigusa. Haya yakionekana, dawa inafanya kazi hata kama samaki bado anatisha kumtazama. Yasipoonekana baada ya siku tatu, na maji ni mazuri, na dozi ilikuwa sahihi, basi mtu ana sababu ya kubadili.

Hali hiyo inahitaji daftari. Mfanyabiashara anayeandika wateja wanaomdai hashindwi kuandika tarehe, dawa, kiasi, joto la maji, waliokufa na wapya walioumwa. Asiyeandika hutegemea kumbukumbu, na kumbukumbu ya mtu mwenye hofu ya kupoteza mtaji humwambia kila siku kwamba leo ni mbaya kuliko jana.

Ipo pia sababu ya kusimamisha dawa papo hapo bila kuhesabu chochote: samaki akianza kuruka, kulala ubavu au kukimbilia juu kuhema mara tu baada ya dawa kutiwa. Formalini hupunguza hewa majini, na formalini iliyokaa hadi kutoa mashapo meupe chini ya chupa ni sumu kali isiyofaa kutumika kabisa. Shaba huua konokono na kamba, na katika maji laini huua hata samaki. Katika hali kama hiyo hutolewa nusu ya maji, pampu ya hewa hufunguliwa mpaka mwisho, na mambo mengine hufuata baadaye.

Na anayebadili asifanye kama anayeongeza chumvi kwenye mchuzi. Dawa ya kwanza inatolewa kwanza, kwa kubadilisha maji nusu au zaidi na kurudisha mkaa ndani ya chujio kwa siku moja, kisha mkaa unatolewa tena na ya pili inaanza kwa dozi yake kamili. Kuchanganya dawa mbili kwa kukisia ni hatari, na formalini haichanganywi na pamanganeti ya potasiamu kwa hali yoyote, si ndani ya tangi wala ndani ya ndoo, kwa usalama wa samaki na wa binadamu pia.

Wakati mwingine kinachofaa kubadilishiwa ni chumvi tu. Chumvi ya kawaida isiyochanganywa na viungo, gramu moja hadi tatu kwa lita, humpunguzia samaki wa maji baridi kazi ya mwili, hupunguza sumu ya nitraiti, na husumbua vimelea kadhaa. Kilo moja inatosha lita 500 kwa kiwango cha kati. Mimea ya majini huiumia, na baadhi ya samaki wa jamii ya kambare hawaipendi, lakini kwa bei yake hakuna dawa dukani inayoshindana nayo. Pengine ndiyo maana wauzaji hawaitaji.

Suala la viuavijasumu vya binadamu linahitaji kusemwa bila kuzunguka. Kumwaga kapsuli ndani ya maji, siku mbili hii na siku mbili nyingine, ndiyo njia ya haraka ya kuzalisha bakteria sugu. Maji ya tangi humwagwa mtaroni au bustanini, na mikono iliyosafisha tangi ndiyo inayoandaa chakula. Metronidazoli, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Flagyl, ina kazi yake halali kwa vimelea fulani vya tumboni mwa samaki, lakini haitibu vidoadoa vyeupe wala ukungu, na kuitia kwa kubahatisha hakumsaidii yeyote. Vilevile wapo wafugaji ambao tangi la mapambo la mwezi huu ni tangi la vifaranga wa sato mwezi ujao. Hao wajue kwamba malakaiti grini, iliyomo katika dawa nyingi za samaki wa mapambo, hubaki katika nyama ya samaki na imepigwa marufuku kwa samaki wa kuliwa katika Umoja wa Ulaya na Marekani. Nyavu, ndoo na matangi ya kazi hizo mbili yatenganishwe.

Gharama kubwa kuliko zote, hata hivyo, hutokana na samaki waliotiwa kwenye tangi siku ileile waliyonunuliwa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na samaki mgeni hakosi kimelea. Beseni kubwa lenye pampu ya hewa na sponji, pembeni ya duka, ambamo kila mgeni anakaa wiki mbili hadi tatu kabla ya kuchanganywa, lingewaokoa wengi wasifike kwenye swali la dawa gani ibadilishwe. Na hata ugonjwa ukitokea, unatibiwa katika lita 40 badala ya 400, na chujio kuu halidhuriki.

Wauzaji wa dawa za mifugo wana sehemu yao. Si haki mteja arudi siku ya pili akiwa na malalamiko, naye muuzaji atoe chupa nyingine bila kumwuliza maji yana joto gani, lita ngapi, alitia kiasi gani na lini. Muuzaji anayeuliza anaweza kupoteza mauzo ya siku hiyo, lakini mteja ambaye samaki wake wamepona hurudi kununua chakula mwaka mzima, na ambaye tangi lake ni tupu haonekani tena.

Serikali nazo zisijifiche nyuma ya hoja kwamba samaki wa mapambo ni starehe ya wenye uwezo. Wanaowazalisha na kuwauza si matajiri. Ofisa uvuvi wa wilaya leo akiletewa samaki mgonjwa, mzima ndani ya mfuko wa maji yake mwenyewe kama inavyotakiwa, mara nyingi anachoweza kufanya ni kumtazama kwa macho, sawa na mwenye samaki alivyofanya nyumbani. Hadubini moja katika ofisi hiyo, na mtu aliyefundishwa kukwangua ute wa ngozi na kuutazama, ingempa mfugaji jibu katika nusu saa: ni kimelea cha vidoadoa, ni minyoo ya matamvua, au ni bakteria. Halmashauri zinazotoza leseni maduka ya samaki na ya dawa za mifugo zinaweza kuanza na hiyo hadubini katika bajeti ijayo.